Ushuhuda wangu ulikuwa na bunduki ambayo sikuwahi kuishika

Dada mleta mada, Bwana Yesu asifiwe. Umesema umepewa dakika kumi za ushuhuda kwenye kongamano la vijana Jumamosi na unaona huna cha kusema. Umelelewa kanisani, hujawahi kulewa, hujawahi kukanyaga kwa mganga, na aliyesimama mwaka jana alikuwa teja aliyezinduka mochwari. Wadau wawili watatu hapo juu wamekushauri uchangamshe kidogo. Mimi nilichangamsha. Ngoja nikusimulie, halafu utaamua mwenyewe.

Nianze na bibi yangu mzaa baba. Aliokoka Karagwe miaka ya 50, wakati Uamsho umeshavuka mpaka kitambo. Kwa vijana wasioujua: moto ule uliwaka Gahini, Rwanda, mwanzoni mwa miaka ya 1930, ukaenea Uganda, Burundi, Kenya na huku kwetu. Waganda waliwaita Balokole, yaani waliookoka, na ndiko lilikotoka hili neno letu "mlokole" ambalo siku hizi watu hulitumia kama tusi. Nguvu ya wale watu haikuwa mimbari. Mkulima, mpishi wa misheni, mke wa mwalimu, yeyote alisimama akasema alichotenda na alichotendewa na Mungu, na wenzake wakamwitikia kwa wimbo wa Tukutendereza Yesu, yaani "tunakusifu Yesu", kwa Kiganda hicho hicho hata kama hawakijui.

Bibi alikuwa akituambia kwamba huwezi kula miaka kumi kwa hadithi moja. Ukisimama na yale ya siku ulipookoka, mzee mmoja atakuuliza, "Hiyo tumeisikia, ya wiki hii je?" Kwa hiyo yeye alishuhudia kugombana na wifi yake juzi, wifi mwenyewe akiwa amekaa benchi la pili. Na ukianza kujipamba, mtu anaanzisha Tukutendereza katikati ya sentensi yako, nyumba nzima inaitikia, unakaa chini. (Washereheshaji wa makongamano yetu wangejifunza hiyo mbinu.) Alipookoka, jambo la kwanza alilofanya ni kurudisha jembe la jirani alilokuwa amelikana misimu miwili. Alilipeleka mchana kweupe, begani, watu wakiona.

Sasa mimi. Mwaka 2011 nilikuwa nauza kwenye duka la vifaa vya ujenzi la baba mdogo, Bukoba mjini. Nauza kilo tano za misumari, naandika tatu. Mfuko wa saruji unatoka, kwenye daftari hauonekani. Hela yote iliishia baa. Kabla hesabu hazijafungwa nikaaga kwamba nimepata kazi Mwanza, nikapanda meli.

Niliokokea Mwanza 2013, kwenye ibada ya nyumbani, nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, nakula karanga. Mama mmoja alikuwa anasoma Zaburi ya 32, pale mtu anaposema aliponyamaza mifupa yake ilichakaa. Karanga zikanishinda kumeza. Hakukuwa na mwanga wala sauti, hakuna aliyeanguka. Nilijua tu kwamba nimesomwa mimi.

Mara ya kwanza nilishuhudia hivyo hivyo, na watu wakaitikia "Amina" ya adabu. Mara ya pili misumari ikawa "fedha nyingi za watu". Mara ya tano au ya sita tukawa kundi la majambazi. Nisieleweke vibaya, sikukaa chini siku moja nikatunga uongo. Unasimama mbele ya watu mia tatu, unagundua sentensi fulani inapandisha vigelegele na nyingine inawafanya waangalie simu, basi kesho yake ulimi unakwenda wenyewe kule kwenye vigelegele. Kufikia 2016 nilikuwa jambazi mstaafu mwenye bunduki, na naalikwa mpaka mikoa ya jirani, nauli juu yao.

Mwaka 2017, baada ya ibada, alinifuata mdogo wangu, binti wa huyo baba mdogo. Sikujua kama yupo Mwanza. Akaniambia, "Kaka, hongera kwa wokovu. Ila ile bunduki ulikuwa unaificha wapi, na chumba tulikuwa tunalala wanne?" Nikacheka. Yeye hakucheka. Akaendelea: "Baba alimfukuza yule kijana wa mizigo kwa ajili ya ile misumari."

Dada yangu, hapo ndipo nilipokaa chini. Bunduki yangu ya kutunga haikuwa imemuumiza mtu yeyote. Misumari ilikuwa imemuumiza mtu, na miaka minne yote ya kushuhudia sikuwahi kumtaja, kwa sababu sikuwa nimejishughulisha hata kujua kama yupo.

Nilirudi nikasoma Matendo sura ya 22, Paulo akiwa kwenye ngazi za ngome pale Yerusalemu. Nilikuwa nimeisoma mara nyingi nikiangalia ile nuru ya Dameski. Safari hii nikaona kitu kingine: anasema kuhani mkuu na wazee wote ni mashahidi wake. Anataja watu wanaoweza kumkana, na wengine wako palepale mjini. Sura ya 26, mbele ya mfalme Agripa, anarudia yale yale, kwamba Wayahudi wote wanajua maisha yake tangu ujana. Yule kipofu wa Yohana 9 naye, wanaitwa mpaka wazazi wake kuulizwa. Alipobanwa maswali ya dini asiyoyaweza, alisema analijua moja tu, alikuwa kipofu na sasa anaona. Hakuongeza chumvi.

Kuna jambo jingine ambalo hukuliuliza. Usitubu dhambi za wengine madhabahuni. Nimesikia shuhuda za "shangazi yangu aliniroga" zikirekodiwa na kurushwa kwenye makundi ya WhatsApp, na shangazi yupo hai kijijini. Huku Kanda ya Ziwa vikongwe wamekatwa mapanga kwa neno kama hilo. Kama stori yako haisimami bila kumtia mtu mwingine uchawi au uzinzi, iache nyumbani.

Turudi kwako. Ulipokuwa unaeleza jinsi usivyo na ushuhuda, uliandika kwenye mabano, kama kitu cha kupita, kwamba baada ya msiba wa baba yako ulikaa miezi minane hujaomba hata mara moja huku unaimba kwaya kila Jumapili, na hakuna aliyejua. Halafu ukaendelea kulalamika kwamba huna cha kusema! Ndiyo hiyo hiyo, dada. Sema miezi minane. Sema ulikuwa unaimba sauti ya pili huku moyoni hakuna mtu. Sema kilichokurudisha, na kama hukijui vizuri, sema hukijui. Mle ukumbini wanakwaya watakuwepo wa kutosha. Timotheo naye imani alirithishwa na bibi yake Loisi na mama yake Eunike, na Paulo anaitaja kwa heshima, haoni kama ni upungufu. Mwombe tu mama yako ruhusa kwanza, kwa sababu msiba ule ni wake pia. Na dakika sita zinatosha.

Kuhusu deni langu, kwa wale watakaouliza. Nilitaka kulipa mara nne kama Zakayo, mfuko ukakataa. Tulikisia na baba mdogo tukafika laki sita na ishirini, nikalipa kwa awamu tatu, nikamaliza 2018. Hakunikumbatia. Alihesabu noti mara mbili mbele yangu, akaniandikia risiti ya duka, kwenye maelezo akajaza "misumari na saruji". Ninayo mpaka leo. Fundi mwenzangu kazini, Muislamu, aliiona kwenye pochi akauliza ni ya nini, na hayo ndiyo mazungumzo marefu kuliko yote niliyowahi kuwa nayo na mtu kuhusu Yesu.

Yule kijana wa mizigo sijampata. Nimeambiwa alikwenda Geita machimboni. Siku hizi nikisimama kushuhudia namtaja na yeye, na hapo huwa hakuna anayepiga vigelegele.