Ani DiFranco: uanzie albamu ipi?

Umeuliza kama ni kweli Ani DiFranco, mwimbaji na mpiga gitaa wa Marekani, alitoa albamu yake ya kwanza mwenyewe, na uanze kumsikiliza wapi. Ni kweli. Ilitoka 1990, ina jina lake, ni sauti yake na gitaa kavu tu, na kaseti alikuwa akiziuza mkononi kwenye shoo. Ilitoka chini ya lebo yake, Righteous Babe, ya kwao Buffalo, New York. Kampuni kubwa zilipokuja kumbembeleza, aligoma.

Ila mimi nisingeanza na hiyo. Mashairi makali, lakini kama hujamzoea itakuchosha. Chukua Living in Clip ya 1997, CD mbili za jukwaani, ambayo ilipata cheti cha dhahabu cha mauzo Marekani bila msaada wa bosi yeyote. Sikiliza mkono wake wa kulia: hubandika kucha za bandia, anazizungushia tepu nyeusi ya mafundi umeme, halafu anazichapa nyuzi kama ngoma. Besi na dramu zikiingia, folk, ule muziki wa gitaa kavu na mashairi, imeshakuwa roki. Na zile sehemu anazopiga stori na mashabiki, usiziruke.