Siku ya kuvuna mayai siyo ngumu kama unavyodhani

Akina dada wanaojua kwamba nimepitia IVF, yaani mayai kutolewa mwilini na kurutubishwa maabara, huniuliza swali moja kabla ya mengine yote: inauma? Jibu langu ni fupi. Shughuli yenyewe huchukua dakika 20 au 30 hivi, na muda wote huo umelala. Kinachotaka moyo ni usiku wa sindano ya mwisho, kisha zile siku tano za kusubiri simu ya maabara. Jipange kwa hayo mawili.

Naandika nikimfikiria mtu anayeishi Dodoma kama mimi lakini anatibiwa Dar es Salaam. Ushauri mwingi ninaokutana nao umeandikwa na watu ambao kliniki yao iko mtaa wa pili.

Sindano za kukuza mayai huanza siku ya pili au ya tatu ya hedhi, na kwa wengi huendelea kila siku kwa siku 8 hadi 14. Unajichoma mwenyewe, au mwenzako anakuchoma, pembeni chini ya kitovu. Ni nyembamba mno, na hofu ya mara ya kwanza huisha haraka. Kinachosumbua zaidi ni maneno ya watu, hasa hili la kwamba ukivunwa mayai unamaliza akiba yako na kukoma hedhi mapema. Mama mkwe wangu lilimnyima usingizi. Ukweli ni kwamba kila mwezi mwili huanzisha vifuko kadhaa vya mayai. Kimoja kinatangulia, vingine vinakufa vyenyewe. Dawa inavisaidia vile ambavyo vingekufa ili navyo vikue. Hayo mayai yangepotea mwezi huohuo hata kama ungekaa zako nyumbani Nkuhungu ukichambua mchele.

Kila baada ya siku mbili tatu utapigwa altrasaundi ya kupitia ukeni, wapime vifuko vimefikia wapi. Muombe daktari akuonyeshe kwenye skrini. Utaona miduara myeusi imebanana kama kishada cha zabibu, na sisi wa Dodoma picha hiyo hatuhitaji kuelezwa mara mbili. Usianze kuhesabu, lakini. Si kila kifuko kina yai la kuchukulika.

Baadhi ya dawa zinatakiwa zikae kwenye nyuzijoto 2 hadi 8. Ziweke katikati ya friji, siyo mlangoni na siyo karibu na barafu, kwa sababu dawa ikiganda imeharibika, hata ikiyeyuka vizuri na kuonekana nzima. Umeme ukikatika, friji usiifungue ovyo. Ya safarini mimi nilibeba kwenye chupa ya chai yenye mdomo mpana: barafu chini, kitambaa kikavu juu yake, dawa juu ya kitambaa ili isigusane na barafu. Chupa ikae mapajani. Kwenye buti ya basi, Oktoba, jua la Dodoma likiwaka, usiiweke hata kwa dakika tano. Waulize pia mapema ni dawa ipi inavumilia kukaa nje ya friji na kwa siku ngapi, maana zipo zinazovumilia na watu wanahangaika nazo bure.

Safari zenyewe zimekuwa nyepesi tangu treni ya umeme ianze mwaka 2024. Kwa basi, hadi umepita Gairo, Morogoro na Chalinze, siku imekwisha na mgongo nao umekwisha. Hata hivyo, siku za mwisho za sindano hamia Dar kabisa. Tumbo linakuwa zito, vipimo vinakaribiana, na mfuko wa mayai uliojaa unaweza kujisokota ukibeba ndoo za maji au ukifanya mazoezi ya kurukaruka. Kuhusu pa kulala, nina msimamo: bora chumba cha kawaida karibu na kliniki kuliko kwa ndugu. Kwa ndugu kuna maswali. Utaulizwa mbona unaingia chooni na chupa ya chai.

Kazini omba ruhusa mapema na uje na ED (karatasi ya daktari ya kupumzika kazini) kutoka hospitali. Mimi nilimwambia bosi wangu ni matibabu ya akina mama, na kwa kuwa ni mwanamume wa makamo, hakutaka kusikia neno la pili.

Sasa ile sindano ya mwisho. Hii ndiyo inayoyaambia mayai yakomae na kujiandaa kutoka, na uvunaji hupangwa saa 34 hadi 36 baada yake. Ukichelewa kujichoma na uvunaji ukabaki palepale, mayai yanaweza kukutwa hayajawa tayari. Ukiwahi mno, yanaweza kuwa yameshatoka yenyewe na kupotelea tumboni. Kwa hiyo saa uliyopewa ni saa uliyopewa.

Na hapa sisi tuna mtego wetu. Kwenye karatasi wataandika 9:00 au 21:00, mdomoni nesi atasema saa tatu usiku, na wewe kwa uchovu unaweza kusoma ile tisa ukaweka kengele ya saa tisa usiku. Mwambie akuandikie kwa saa zetu, na aandike siku: Jumatatu, saa tatu usiku. Hesabu ya Kiswahili inakurahisishia pia, kwa sababu saa 36 zikitimia mshale unarudi palepale: sindano Jumatatu saa tatu usiku, uvunaji Jumatano saa tatu asubuhi. Weka kengele kwenye simu mbili. Ikitokea umechelewa hata nusu saa, wapigie palepale usione aibu. Wakijua, wanaweza kusogeza muda. Wasipojua, hawawezi kukusaidia.

Usiku wa kuamkia uvunaji huli, kwa kawaida kwa muda wa saa sita hadi nane kabla ya shughuli. Maji nayo yana saa yake ya mwisho, fuata walivyokuambia. Asubuhi oga, lakini usijipake marashi wala kujifukiza udi, kwa sababu maabara iko jirani na viinitete, yaani mayai yaliyorutubishwa na kuanza kukua, havipatani na harufu za kemikali. Rangi ya kucha itoe, na piko kwenye ncha za vidole acha kwanza, maana kidole kinafungwa kifaa cha kupima hewa kwenye damu.

Siku hiyo mumeo naye ana kazi. Anatoa mbegu asubuhi hiyohiyo, baada ya kujizuia siku mbili hadi tano kama walivyomwelekeza. Wanaume wengi hukwama pale, kachumba kadogo, watu wanapita nje ya mlango. Kama unamjua wako ana wasiwasi, ulizeni mapema kuhusu kutoa na kugandisha nyingine ya akiba. Na tuseme lililo kweli: karibu nusu ya matatizo ya kupata mtoto yanamhusisha mwanaume kwa namna moja au nyingine, ila kwenye vikao vya ukoo anayeitwa kujieleza ni mwanamke.

Chumbani wanakulaza miguu ikiwa juu ya vishikizo. Wanakuuliza jina lako kamili na la mumeo, na sauti nyingine inalirudia kutoka kwenye kidirisha kinachotazamana na maabara. Mimi kidirisha kile kilinivutia kuliko vifaa vyote. Nyuma yake kulikuwa na mtaalamu mwenye barakoa, ameinamia darubini, na pembeni yake vichupa vimepangwa kwenye kitalu cha chuma kinachotunza joto, kwa sababu yai halitakiwi kupoa. Dawa ya usingizi inapita kwenye kanula mkononi. Wakati umelala, daktari anaongoza sindano ndefu kwa altrasaundi kupitia ukeni, anatoboa kifuko kimoja kimoja na kunyonya maji yake. Maji yanapitishwa dirishani, na mtaalamu anatafuta yai ndani yake. Hakuna kuchanwa, hakuna nyuzi.

Unaamka na maumivu ya tumbo kama ya hedhi, pengine na damu kidogo ya siku moja au mbili. Parasetamoli inatosha kwa wengi. Diklofenaki na ibuprofeni usimeze bila kuwauliza. Siku hiyo usiendeshe gari, usisaini mkataba wowote, na usipande treni kurudi Dodoma; lala Dar, na awepo mtu mzima karibu nawe. Siku zinazofuata choo kinakuwa kigumu na tumbo linajaa. Papai linasaidia. Mlenda unasaidia zaidi, na hilo Mgogo hashawishiwi.

Kisha nesi anakuja na idadi. Hapa nataka niseme taratibu, kwa sababu hapa ndipo nilipoona wanawake wakivunjika moyo kwenye viti vya kupumzikia. Idadi hiyo itapungua, na kupungua ndiyo kawaida. Tuseme yamepatikana mayai kumi. Kwa makadirio ya kawaida, manane hivi yatakuwa yamekomaa. Kesho yake watakupigia: sita, pengine saba, yamerutubishwa. Siku ya tano vinabaki viinitete viwili au vitatu vilivyofikia hatua ya kupandikizwa au kugandishwa. Kila simu inataja namba ndogo kuliko ya jana, na hakuna aliyekosea. Wapo waliopata mayai ishirini wasiambulie kiinitete, na wapo waliopata manne wakajifungua. Umri wa mayai una uzito kuliko wingi wake. Kubalianeni kabla nani atapokea simu hizo. Kwetu alipokea mume wangu, kwa sababu mimi nilikuwa nasikia namba tu na maelezo yote yananipita.

Lipo jambo moja la kutopuuza. Kwa baadhi ya wanawake, hasa waliotoa mayai mengi au wenye vifuko vingi vidogo kwenye mfuko wa mayai, dawa huzidisha nguvu na maji huanza kuvuja kuingia tumboni. Jipime uzito kila asubuhi. Ukiongezeka kilo moja au zaidi kwa siku, tumbo likavimba haraka, ukatapika, mkojo ukawa mchache na mweusi, au pumzi ikakupaa, usisubiri kupambazuke. Ukiwa umesharudi Dodoma, nenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa au Benjamin Mkapa, na sentensi yako ya kwanza kwa daktari wa zamu iwe kwamba umevunwa mayai, na tarehe. Usipolisema, tumbo lako litaanza kutafutiwa malaria na UTI. Omba kliniki ikupe barua yenye majina ya dawa zote ulizotumia na namba ya simu inayopokelewa usiku, uitembeze kwenye mkoba mpaka mambo yatulie. Homa kali na damu inayojaza pedi haraka nazo ni za hospitali, siyo za kulala nazo.

Kama viinitete vimegandishwa na hukupandikiziwa mwezi huo, hedhi inakuja ndani ya wiki mbili hivi, na mara nyingi ni nzito kuliko uliyoizoea. Usipange safari ya kijijini siku hizo, na pedi nunua za usiku.