Gari inakwaruza tairi za nyuma: wadogo zangu mnaoanza gereji, someni hii kabla hamjashika jeki

Wadogo zangu mnaoanza kazi gereji, na nyie mnaojifunzia kwenye gari zenu wenyewe, leo naongelea mlio wa kukwaruza nyuma maana ni kazi inayoharibiwa sana na haraka. Mteja anafika, anasema fundi huku nyuma inakwaruza, hajamaliza hata kuongea dogo kashavuta jeki. Anafungua, anaona breki shu (vile vipande vinavyosugua dramu kusimamisha gari) zimeisha kidogo, anabadilisha, mteja analipa anaondoka, kesho yake anarudi na mlio uleule. Inauma sana kuona mtu katoa hela yake kwa kazi ambayo haikuhitajika, na mara nyingi shida ni kwamba hakuna aliyekaa akausikiliza ule mlio gari ikiwa inatembea.

Kwa hiyo anza na maswali. Unalia ukikanyaga breki au hata usipokanyaga? Unaanza asubuhi afu unapotea, au unazidi gari ikipata moto? Ulianza ghafla au umekuja taratibu? Gari imetoka kufungwa tairi wapi siku za karibuni? Ukishajibiwa, panda uendeshe mwenyewe na mteja awe pembeni akuonyeshe "huu hapa". Shusha vioo, tafuta ukuta mrefu wa fensi upite nao karibu mwendo wa pole, upande mmoja afu ugeuze upite na upande wa pili, ukuta unakurudishia sauti na utajua ni kulia au kushoto. Ukiwa na mwenzio mkalishe siti ya nyuma, maana sauti inatembea kwenye bodi na mara nyingine mlio ni wa mbele kabisa.

Sasa sikiliza unavyolia. Ukisikia chwaa... chwaa... chwaa unaofuata mzunguko wa tairi, kuna sehemu moja inayogusa, inaweza kuwa bati la kukinga vumbi nyuma ya diski limepinda, au dramu (lile bakuli la chuma linalozunguka na tairi) imepoteza uduara, au diski (sahani ya chuma inayobanwa na pedi) imepinda. Ukisikia mkwaruzo mmoja mfululizo wa chuma kwa chuma unaozidi ukikanyaga breki, hapo pedi au shu imefika kwenye chuma na hiyo gari isirudi barabarani. Mngurumo unaopanda na spidi na unaobadilika ukikata kona, hiyo ni tabia ya beringi inayobeba tairi izunguke, ukikata kushoto uzito unahamia kulia kwa hiyo ukizidi hapo shuku ya kulia. Na ule wa asubuhi tu, hasa kwa sisi wa Dar, Tanga, Mombasa huko, gari ikilala nje na unyevu wa pwani diski inashika kutu ya juu juu, breki chache za mwanzo inakwaruza afu inanyamaza, huo mwambie mteja ukweli aende zake.

Kuna kipimo kimoja nakipenda sana. Kwenye barabara tupu, mwendo mdogo kabisa, bonyeza kitufe cha hendibreki ukiwa umekishikilia afu vuta kidogo tu, mlio ukibadilika au ukikatika basi tatizo liko kwenye shu na vitu vyake, usikimbilie beringi. Kwenye gari za dramu hendibreki inasukuma shu zilezile za breki ya mguu. Zenye diski nyuma angalia, nyingine zina shu ndogo zimefichwa ndani ya diski kwa ajili ya hendibreki peke yake, watu wanabadilisha pedi wanasahau kama kuna shu humo.

Juzi kati ililetwa Toyota IST, dada mmoja anakaa njia ya vumbi, alikotoka kaambiwa beringi za nyuma zote mbili zimekufa anunue. Tukapita nayo ukutani, mlio uko kushoto tu, unafuata mzunguko, hendibreki ikivutwa kidogo unakata. Tukafungua dramu. Ile pini nyembamba inayotokea kwenye bati la nyuma ikishikilia shu na springi yake na kikofia, kichwa kimeliwa na kutu kimekatika, shu imelala upande na ukingo wake wa chuma umechora mstari unaong'aa ndani ya dramu, ukipitisha kucha inakwama. Kikofia chenyewe kilikuwa kimelala chini kwenye vumbi jeusi la breki. Habu, ile sehemu ya katikati inayofungwa tairi, tukaizungusha kwa mkono, kimya na haina mchezo. Beringi nzima kabisa zile, na yule dada alishakuwa ameuliza bei.

Kwenye kufungua kuwa makini. Weka kigingi au jiwe tairi za mbele, kama inavuta mbele ingiza gia, ndo ushushe hendibreki maana ikiwa imevutwa dramu haitoki. Jeki stendi lazima, usiingize mwili chini ya gari iliyobebwa na jeki peke yake hata kwa dakika moja, nawaombeni sana hilo. Tairi ikiwa hewani izungushe kwanza kabla hujaitoa, mkono mmoja uwe kwenye springi ya shokapu, beringi mbovu utaisikia inatetemeka kwenye kiganja. Shika juu na chini uitikise uone kama inacheza.

Dramu ikigoma usiipige nyundo hovyo, kwenye Toyota nyingi kuna matundu mawili yenye nyuzi, ingiza bolti za M8 ukaze huku na huku kwa zamu itasukumwa yenyewe. Ikigoma bado, ukingo wa dramu umefanya mdomo unaoshika shu, legeza ajasta (skrubu inayosogeza shu karibu au mbali na dramu) kupitia tundu lenye mpira. Vumbi la ndani usilipulize na kompresa wala mdomo, shu nyingine za zamani zina asbesto na hiyo inaenda kukaa kwenye mapafu, lowesha na maji ya sabuni ufute.

Pima usikadirie kwa macho. Shu mpya za gari ndogo nyingi za Toyota zina utando wa kusugua wenye unene kama milimita 4 na kikomo ni milimita 1, dramu yenye kipenyo cha ndani milimita 200 kikomo chake 201 na mara nyingi kimeandikwa kwenye dramu yenyewe. Funua mpira wa silinda ya breki uangalie kama inavuja, shu ikilowa mafuta ya breki haifai tena. Kwenye Hiace angalia na sili ya ekseli, oili ya difu (gia za ekseli ya nyuma) ikipita inamwagikia shu. Fungua upande mmoja tu kwanza, wa pili uwe kielelezo, au piga picha na simu, na ajasta usichanganye, nyuzi za kulia na kushoto zinapishana.

Kwenye diski, kabla hujalaumu kitu piga tochi kati ya diski na lile bati la kukinga vumbi. Kijiwe kidogo cha barabara ya changarawe kikikaa pale kinapiga kelele ya kutisha, na dawa yake ni bisibisi tu kulisogeza bati.

Ukifunga, pampu pedali ya breki mpaka iwe ngumu kabla gari haijasogea, nati za tairi kaza kwa kupishanisha, Toyota ndogo nyingi ni Nm 103 (nguvu ya kukazia, inapimwa na spana ya toki). Afu rudi na mteja kwenye ukuta uleule, mwendo uleule, asikie mwenyewe, na spea zake za zamani mkabidhi mkononi.