Jibu: jeni 71,000 kwenye mhogo ni nyingi mno

Mkuu, umeuliza kwa nini BRAKER3, programu ya kutambua jeni, imekupa jeni 71,000 kwenye mhogo wako wa kule Mikocheni, wakati jenomu ya rejea (ile ya mhogo inayotumiwa kama kipimo) ina zaidi kidogo ya 30,000. Kabla hujabadilisha programu, hakikisha umehesabu jeni zenyewe. Safu ya 3 ya faili la GTF, yaani orodha ya jeni inayotolewa na BRAKER3, ina mistari ya "gene" na ya "transcript", na jeni moja huweza kuwa na transkripti (nakala za RNA) kadhaa.

Kama bado ni 71,000, endesha BUSCO, programu inayotafuta jeni zinazotarajiwa kuwepo mara moja tu, kwenye jenomu yenyewe kwa seti ya eudicots_odb10 (ya kundi la mimea lenye mhogo), uangalie kiwango cha jeni zilizojirudia. Mhogo una jozi 18 za kromosomu, na nakala mbili za kila jozi hutofautiana sana. Huenda zote mbili zimebaki kwenye mkusanyo wako wa jenomu, kila jeni ikahesabiwa mara mbili. Hapo dawa ni purge_dups, programu ya kuondoa nakala za ziada, kisha utambuzi uanze upya. Ukipima protini kwa BUSCO, bakiza kwanza transkripti ndefu kuliko zote kwa kila jeni, la sivyo utaona marudio yasiyokuwepo.

Mshukiwa wa pili ni transposoni, vipande vya DNA vinavyojinakili na kujirudia kwenye jenomu. Zina protini zake, na zisipofunikwa (zisipowekewa alama ili zirukwe) huhesabiwa kama jeni. RepeatModeler2 itengeneze maktaba ya vipande vinavyojirudia kutoka jenomu yako, kisha RepeatMasker ifunike, na usisahau -xsmall. Bila hiyo vipande hugeuka N badala ya herufi ndogo, na ekisoni (sehemu za jeni zinazobaki kwenye RNA) za kweli zilizogusana navyo hukatika. Maktaba hiyo naisisitiza sana: ilinganishe na protini za mimea zinazojulikana uondoe jeni za kweli zilizomo, maana jeni za kinga huja kwa familia kubwa na hunaswa humo kama marudio. Anayetafuta ukinzani wa magonjwa ya batobato au michirizi kahawia atakuwa amezifunika zilezile anazozitafuta.

RNA ya majani peke yake haitoshi kuwa ushahidi wa jeni kwa BRAKER3, ongeza ya mizizi. Ipange juu ya jenomu kwa programu ya HISAT2 ukiweka --dta (huandaa matokeo kwa hatua ya kuunda transkripti), na protini za mimea uchukue kwenye hifadhidata ya OrthoDB. Majina ya kontigi (vipande vya mkusanyo wa jenomu) yawe mafupi, yasiyo na nafasi.

Umeme ukikatika RepeatModeler2 ikiwa njiani, usianze mwanzo: -recoverDir huendeleza kuanzia raundi ya mwisho iliyokamilika.