Njiwa wa Chungwa na Njiwa wa Dhahabu

SWALI: Ndugu Mhariri, nimeona picha tatu za njiwa wala matunda wa Fiji. Mmoja ana rangi ya chungwa, wa pili ni wa manjano ya dhahabu, na wa tatu ni wa kijani kitupu, ingawa maelezo yanamwita naye njiwa wa chungwa. Je, ni ndege mmoja katika umri tofauti?

JIBU: Ndugu msomaji, wawili wa kwanza ni madume wa spishi mbili zilizo ndugu wa karibu, Ptilinopus victor na Ptilinopus luteovirens. Dume wa victor, ndege wa sentimita 20 hivi, ana kichwa cha kijani kinachoelekea manjano, kisha kuanzia shingoni mwili mzima unawaka kama kaa la moto. Manyoya yake marefu, membamba mithili ya nywele, huyalalia mabawa na kuyafunika, hata ukijani wake usionekane vizuri mpaka aruke. Dume wa luteovirens ni wa dhahabu yenye ukijani, na manyoya yake yaliyochongoka yamemkaa timtim. Sijui ndege wengi wanaopendeza kuwatazama kama hawa.

Majike wa spishi zote mbili ni wa kijani, rangi inayowaficha vyema majanini, na madume wachanga huwafanana. Hapo rangi peke yake hukupoteza, na swali la maana ni kisiwa gani. Victor huishi Vanua Levu, Taveuni na visiwa vidogo vya jirani kama Rabi na Qamea. Luteovirens huishi Viti Levu, Ovalau, Gau na Beqa. Bahari imewatenga, nao hawakutani.

Sauti nayo haidanganyi. Victor hutoa mlio mkavu unaojirudia, tok, tok, tok, kama ulimi unaogongwa kwenye kaakaa, ilhali luteovirens hubweka kama mtoto wa mbwa. Ndugu yao wa tatu, Ptilinopus layardi wa Kadavu, hupiga mluzi.

Kwa hiyo, picha yako ya kijani ikiwa ilipigwa Taveuni, maelezo yake ni sahihi, ila aliyemo huenda ni jike, au dume mchanga ambaye bado hajageuka rangi.