Anza na mshipi, rodi itafuata

Kaskazi ikishatulia, hakosi kijana wa kunijia hapa ufuoni Malindi na rodi mpya ya kuvulia kwa flai begani. "Ami, waionaje?" Namwambia nzuri, maana huwa nzuri kweli. Kisha namuuliza mshipi wake ni namba ngapi. Anaanza kutazama mchanga.

Wewe uliyekulia kwenye mshipi wa mkono una jambo la kusahau kwanza. Kule chubwi ndiyo inayopeleka ndoana: unazungusha, unaachia, risasi inaruka na mshipi unaifuata. Flai haina uzito wa maana. Ni ndoana iliyofungwa manyoya, na ukiirusha peke yake itakuangukia miguuni. Kinachoruka ni mshipi wenyewe, mnene, kama kwamba chubwi imeyeyushwa ikapakwa mshipi mzima. Ndiyo maana una namba. Namba 8, kwa mfano, mita 9 zake za mwanzo zina uzito wa kama gramu 13 na nusu. Rodi nayo ina namba yake, imeandikwa juu ya kishikio, na hizo mbili sharti zilingane. Ukitia mshipi mwepesi kwenye rodi nzito, rodi haipindi, na rodi isiyopinda hairushi kitu.

Kwa pwani yetu chukua namba 9, urefu futi 9, ya vipande vinne ili uweze kupanda nayo tuktuk. Namba 8 inatosha siku ya shwari, lakini siku za shwari hapa unazijua zilivyo chache. Namba 5 ni ya trauti wa mito ya Nyeri. Namba 12 ni ya nduwaro huko nje kilindini, nawe bado hujafika huko.

Mimi mwenyewe niliingia kwa mlango mbaya. Mgeni mmoja aliyetoka kuvua trauti bara aliniuzia mshipi wake kwa bei ya kutupa. Namba ilikuwa sawasawa, nikafurahi. Asubuhi ukaruka vizuri. Jua lilipopanda ukaanza kulegea, na kufika saa sita ulikuwa kama tambi zilizozidi kuiva, unanata vidoleni na kung'ang'ania pete za rodi. Nilidhani mkono wangu ndio mbovu, nikahangaika siku tatu. Kumbe mishipi hii hutengenezwa kwa hali ya hewa: wa maji baridi gamba lake hulainika kwenye joto, na wa nchi za joto ukiupeleka kwenye baridi hukakamaa na kujikunja kama waya. Soma kasha. Kama halisemi ni wa bahari ya joto, uache dukani hata ukipewa nusu bei. Hapa ndipo pesa yako iende. Rodi ya kawaida yenye mshipi mzuri itavua. Rodi ya fahari yenye mshipi mbovu ni pambo.

Rili sasa, yaani gurudumu la kukunjia mshipi. Mtoni rili ni ya kuhifadhia mshipi tu, lakini kolekole akishika anakimbia hasa, na breki isiyoshika kwa ulaini itakukatia nailoni, ule uzi mwembamba kati ya mshipi na flai. Tafuta rili ambayo breki yake imefunikwa, chumvi na mchanga visiingie, na chini ya mshipi utie uzi wa akiba, mita 150 au zaidi. Ukirudi nyumbani, ioshe kwa maji matamu kabla hujaosha uso wako.

Flai zisikusumbue. Nyeupe yenye macho ya chuma, inayozama kama dagaa aliyejeruhiwa, kwa ndoana ya ukubwa wa 1/0, itakufikisha mbali. Tia kipande kifupi cha waya mbele yake mahali penye mzia au nguru, la sivyo meno yatakufilisi. Na kile kijino cha ndoana kibane kwa koleo kilale. Wakati wa kusi, ukisimama ufuoni umeielekea bahari, upepo unakujia upande wa kulia. Kama unatumia mkono wa kulia, mshipi unasukumwa kukupitia kichwani, ndoana nayo nyuma yake. Sikio langu lina alama. Basi ipitishe rodi juu ya bega la kushoto, na usirushe bila miwani. Miwani ya kuua mng'ao ndiyo bora, kwa sababu inakuonyesha samaki pia.

Mvua zikinyesha bara, mto Sabaki unaleta tope jekundu na maji ya kaskazini mwa mji yanakuwa kama chai ya maziwa. Samaki hataiona flai yako. Kaa nyumbani ufunge mafundo. Na ndani ya hifadhi ya taifa ya bahari ya hapa Malindi, iliyotengwa tangu 1968, havuliwi kitu, iwe kwa manyoya au kwa chambo. Leseni ulizia ofisi ya uvuvi kabla hujatia mguu majini.

Lakini kabla ya yote hayo, njoo maji yakiwa yamekupwa, mchanga uko wazi. Usilete ndoana. Funga kipande cha uzi wa sufi mwekundu mwishoni mwa nailoni, weka kofia yako hatua 15 mbele, urushe mpaka uzi uangukie kofiani mara tatu mfululizo. Flai ya kwanza nitakupa mimi.