Wapiga mapozi wamejaa Pingwe, we piga hesabu ya maji

Kuna dogo yuko Lushoto kanitumia meseji ndefu juzi. Alipanda Irente jioni na kamera ya kuazima, akafunga tripodi pale mwambani mapema anasubiri jua lizame upande wa nyikani, mara likaja kundi na spika na taa ya duara na begi zima la nguo, wakasimama mbele yake mpaka giza likaingia, wanaenda kichakani wanabadili gauni wanarudi. Alivyowaomba wasogee kidogo tu akajibiwa "kwani umeununua mlima?" Meseji inaishia hivi: "Kaka mi naona niachane na mandhari nibaki na harusi, we unawezaje?"

Usiache dogo. Mi hawa hawa watu nusura waniachishe, na leo picha yangu imetundikwa mapokezi kwenye hoteli moja huku kisiwani, imekula ukuta karibu wote. Nasema hivyo sio kujisifu, ah, basi na tuseme najisifu kidogo.

Kwangu mimi ilikuwa Pingwe, pwani ya mashariki ya Unguja, pale kwenye The Rock, ule mgahawa wa makuti uliokaa juu ya jiwe baharini. Kila mtu anayo picha ya pale, najua, hata shangazi yako anayo. Niliyokuwa naitaka mimi ni ya alfajiri, jua linachomoza na maji yamelizunguka jiwe lote, hamna mchanga, hamna nyayo. Hiyo haipatikani siku yoyote tu. Bahari ya huku wakati wa bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mpevu na mwandamo, inapanda na kushuka karibu mita 4, maji yakitoka unatembea kwa miguu mpaka kwenye ngazi za mgahawa, yakijaa unavushwa na boti. Sasa mwezi ukiandama au ukiwa mpevu maji yanajaa kama saa kumi alfajiri, halafu kila siku yanachelewa kama dakika 50, kwa hiyo ukitaka yawe yamejaa jua linapotoka inabidi usubiri siku mbili tatu baada ya mwezi mpevu au baada ya mwandamo. Ikikupita hiyo unangoja tena wiki mbili, na hapo bado hujamuomba Mungu wingu lisizibe. Haya nilifundishwa na mzee mmoja mvuvi pale kijijini, app nilikuja kuipakua baadaye na mpaka leo nikienda namuuliza yeye kwanza.

Basi asubuhi moja kati ya hizo chache kila kitu kikakubali. Maji yamejaa, upepo umetulia, mbingu ina mawingu mepesi yale yanayoshika rangi. Nimekunja suruali, maji magotini, filta nyeusi ya kupunguza mwanga iko kwenye lenzi, shata, yani mlango wa mwanga wa kamera, naiacha wazi zaidi ya dakika ili bahari itoke laini. Ghafla nasikia mlio wa droni. Kugeuka, naona boti imekodiwa imekuja kutia nanga katikati yangu na jiwe, dada kasimama kwenye omo na gauni refu jekundu linaburuzika majini, na huku ufukweni kaka mmoja ananipigia makelele eti "mzee toka, unaharibu frem." Mzee! Nilikuwa sijafika hata 40. Nikamsalimia vizuri, nikamwambia ndugu yangu nipe dakika 5 jua likishapanda hapa nakuachieni bahari yote. Hakujibu. Akachukua simu akaanza kunirekodi.

Ile klipu ilizunguka bwana. Mimi na suruali yangu iliyokunjwa, nimeinamia tripodi, wameweka muziki wa vichekesho na maneno "mzee wa stendi anakamata pweza." Shemeji yangu ndiye alikuwa wa kwanza kunitumia, na vicheko chini. Wateja wa harusi wakaniuliza kama ni mimi. Nitakuwa muongo nikisema yameisha, maana hata nikiandika hapa tumbo linabana, na yule kaka bado anaposti kila siku na watu wanamwita mbunifu.

Miezi kadhaa sikukanyaga Pingwe. Nilichorudi nacho ndicho unachokiulizia.

Kwanza wahi. Najua umeshasikia, wahi tena. Watu wa mapozi wanakuja mchana maji yakiwa yametoka, maana ndio rahisi kutembea, na jioni wanahamia Nungwi na Kendwa kwa sababu kule ndiko jua linazama baharini. Alfajiri ni ya wachache, na wakitokea basi wamechelewa, wana vipodozi vya kumaliza. Jua likichomoza we uwe umeshapiga picha zako za kwanza, za ile rangi ya buluu kabla ya jua. Yani wahi.

Pili nenda msimu ambao hawapo. Mwezi wa saba, wa nane na mwisho wa mwaka huku panajaa, mwezi wa nne na wa tano kuna masika na hoteli nyingi zinafunga, watu wanaogopa kulowa. Mawingu ya masika dogo, we acha tu. Ile picha ya ukutani ni ya masika, nilinyeshewa mpaka kwenye soksi, pakapasuka upenyo wa jua nyuma ya jiwe kwa muda mfupi sana na pwani nzima hakuna mtu, niko mimi na mbwa wa kijiji. Nilipiga ukelele peke yangu. Meneja wa hoteli alipoiona hata bei hakubishana.

Tatu ni ufundi. Watu wanaotembea ukiacha shata wazi muda mrefu wanafutika wenyewe, ila mpiga mapozi hatembei, anaganda, huyo filta haimfuti. Kwake funga tripodi isitikisike, piga picha nyingi kwa kuachanisha, maana pozi lazima abadilishe, halafu kwenye kompyuta unazipanga pamoja na programu inabakisha kile ambacho hakikusogea. Au rudi nyuma kabisa na lenzi ndefu utafute kona nyingine, mara nyingi kona waliyojazana ndiyo iliyochoshwa.

Nne zungumza nao kabla hamjakasirikiana. Mi na harusi napiga, maharusi nawapanga ufukweni kila wikiendi, najua mtu anapotaka picha yake nzuri anakuwaje, hana ubaya. Nikikuta kundi siku hizi nasalimia, naomba niwapigie mbili tatu na kamera kubwa, nawatumia hapo hapo, wanafurahi wanapisha. Wengi wanapisha. Wale wachache wasiopisha nafunga begi, kwa sababu ukigombana utarekodiwa, na mimi nimeshaonja.

Ila kuna sehemu upole wangu unaisha. Pale jirani kuna ile Blue Lagoon, dimbwi la bahari lenye maji ya buluu, ambako watalii wanapelekwa kuangalia viti vya pweza, wale viumbe wa baharini wenye umbo la nyota, na utawakuta wanawatoa majini wanawashika juu kichwani, wengine wanawabandika kifuani, dakika kumi za kutafuta pozi. Yule ni kiumbe, anapumua ndani ya maji, ukimrudisha anaweza akafa na we umeshaondoka na laiki zako. Na akina mama wanaolima mwani, kuanzia Paje mpaka Jambiani, kazi hiyo wameifanya tangu mwisho wa miaka ya 1980, kamba na vijiti vile ndivyo vinavyosomesha watoto, mtu anapita juu yake na gauni anakata kamba kisha anamrekodi mama kainama bila hata shikamoo. Ndugu zangu, simu haikupi haki ya kumfanya mama wa watu pambo. Omba. Akikataa, ondoka. Na sisi wenye kamera kubwa tusijitoe, wapo wenzetu wanawafanyia hayo hayo wakaita sanaa.

Sehemu nyingine uvumilivu umeshawashinda. Japan, mji wa Fujikawaguchiko, Mei 2024 waliweka wavu mweusi wenye upana wa mita 20 kuziba mlima Fuji usionekane juu ya duka la Lawson, kwa sababu watu walikuwa wanakatiza barabara hovyo na kutupa taka. Wavu ukiwekwa haumchagui wa mapozi na wa tripodi, wote mnakosa mlima.

Sasa dogo, Irente huna bamvua la kukusaidia, lakini jioni waachie. Ule mwamba unatazama magharibi, kwa hiyo ukienda asubuhi jua linatokea nyuma yako, kivuli cha Usambara kinalala kule chini nyikani na kinafupika kadiri jua linavyopanda, na ikiwa usiku ilinyesha unaweza ukabahatisha ukungu umekaa bondeni. Ongea na mlinzi siku moja kabla, beba sweta, tochi na chai. Ukiipata nitumie, na ukiposti usiweke lokesheni.